Swali la Tatu

Dekani aliniagiza shairi lenye vina,
beti sita, lisomwe kabla ya soda na sambaza.
Nikakesha. Nikapata ubeti mmoja:

    Profesa wa chuo chetu, leo chaki ameweka,
    Alifundisha wenzetu, mikataba na mipaka,
    Hakuuza jina letu, wala hakubabaika,
    Mama Nankafu ni wetu, popote atapofika.

Hapo vina vikakatika
kama umeme wa Kadutu saa mbili usiku,
na gizani nikakukumbuka vizuri zaidi.

Ulipanda kutoka Nguba kwa miguu,
viatu mkononi, matope ya Machi
hadi kwenye pindo la kikwembe.
Mlangoni uliinama, ukavaa viatu,
ukaingia ukiwa Profesa.
"Tuendelee. Haki ya kupita, ukurasa wa arobaini."
Kana kwamba usiku risasi hazikulia Panzi.
Kana kwamba serikali haikuwa na deni lako
la miezi saba.
Chaki zako zilikuwa ndogo kama punje za mahindi;
ulizishika kwa kucha, nazo zikaandika.

Ramani yako ilikuwa na tundu penye ziwa.
Panya walikuwa wamekula Kivu yote
na kipande cha Idjwi.
Tulicheka. Wewe hukucheka.
"Wako waliolila kabla ya panya," ulisema,
"tena kwa kalamu, mezani, wamevaa glavu."

Geneva ulialikwa mara moja.
Ulirudi na maumivu ya goti na hadithi hii:
bwana mwenye tai ya bluu
alitamka "Maziwa Makuu" kwa sauti ya chini,
kama mtu anayetaja ugonjwa
na mgonjwa yuko chumba cha pili.
Ukainua mkono.
"Bwana, mimi natoka huko. Tunaoga humo."
Basi. Hotuba yako yote ya kurasa kumi na tisa
hukutusimulia kamwe.

Lakini mtihani wako, Mama!
Swali la kwanza nilijibu, la pili nilibahatisha.
La tatu nalikumbuka neno kwa neno:
"Mwanamke anavuka Ruzizi na kilo kumi na mbili za nyanya
na mtoto mgongoni. Amebeba mataifa mangapi?
Eleza bila kutumia neno *mamlaka*."
Niliandika: mawili.
Ukanipa nane juu ya ishirini
na pembeni, kwa wino wa kijani: *Umemsahau mtoto.*

Wenzangu wako Kinshasa, Addis, mmoja Brussels,
wanavaa beji shingoni.
Mimi niko Ruzizi ya Kwanza, dirisha la pili,
napiga muhuri jetoni tangu saa kumi na mbili asubuhi.
Nilikuwa naona haya kukutana nawe.

Wiki jana nikakuona kwenye foleni,
huna faili, huna miwani ya kusomea,
una kikapu na chupa tupu.
"Mama, unakwenda mkutano?"
"Nakwenda kununua maziwa," ukasema.
"Madogo. Yale makuu nimestaafu."
Ulicheka mpaka askari wa ng'ambo akageuka.

Nikainuka nikupitishe mbele.
Ukanizuia kwa kidole kilekile cha chaki:
"Foleni nayo ni mkataba, Birindwa.
Wanaouheshimu hawakuusaini. Fikiria hilo."

Nikafikiria. Watu kumi na wanne wakapita.
Ilipofika zamu yako, ukaegemea dirisha langu
ukauliza taratibu, kama anayedai sahani aliyoazima jirani:
"Na lile la tatu?"

Nyuma yako alisimama mama wa nyanya,
mtoto amelala mgongoni,
mguu mmoja umechomoza nje ya kitenge,
umevuka tayari, kabla ya mamaye,
kabla ya muhuri wangu.

Bado, Mama.
Ila sasa naanza kuhesabu kutoka kwenye ule mguu.